Mwalimu Anayesoma Akiwa Kazini na Mzigo wa Kozi Zake

Miongoni mwa wanachuo wanaosoma jarida hili wamo wengi ambao hawakusudii kuishia hapa walipo. Wakishahitimu na kupangiwa vituo vya kazi, watataka kusoma shahada ya kwanza, na baadhi yao watafika hadi shahada ya uzamili. Hamu hiyo ni njema, na sisi hatuna nia ya kuizima. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo moja tu lihusulo hamu hiyo, nalo ni kiasi cha kozi anachostahili kujitwika mwalimu anayesoma kwa njia ya mtandao huku akiendelea kufundisha.

Rai yetu tunaitoa tangu mwanzo. Mwalimu wa shule ya msingi aliye kazini achukue kozi moja katika muhula wake wa kwanza, asizidishe kozi mbili katika mihula ifuatayo, na akubali kwamba safari ya shahada ya uzamili itamchukua miaka mitatu au minne. Anayejitwika zaidi ya hapo hukopa saa ambazo hana, na deni hilo aghalabu hulipwa na watoto wa darasa lake.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mwalimu kusoma huku akifundisha si jambo geni katika nchi yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza elimu ya msingi walichaguliwa vijijini, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu nyingine. Walisoma maandiko waliyotumiwa, walisikiliza vipindi vya redio, na walitembelewa na wakufunzi. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo, na hadi leo wananchi huwakumbuka kwa jina la walimu wa UPE. Kuhusu ubora wa mafunzo yale yamesemwa mengi, mazuri na mabaya. Lakini mpango ule ulikuwa na sifa moja ambayo hatupaswi kuisahau: ratiba ya mwanafunzi ilitambua tangu mwanzo kwamba yeye ni mfanyakazi. Saa za kusoma zilitengwa ndani ya siku ya kazi. Hazikuachwa zitafutwe usiku baada ya kila kitu kwisha.

Baadaye kilikuja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, ukiwamo mkoa wa Katavi. Siku hizi masomo mengi, mazoezi na mashauriano na wahadhiri hupitia kwenye mtandao wa intaneti, na vyuo vikuu vingine navyo vimefuata njia hiyo. Mlango uliokuwa mwembamba umepanuliwa. Hata hivyo, kitu kimoja kilichokuwamo katika mpango wa mwaka 1976 hakimo katika huu wa sasa. Mwanafunzi wa mtandao hapangiwi na mtu yeyote saa zake za kusoma. Hujipangia mwenyewe, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tumechagua kutoa mifano yetu mkoani Katavi kwa kuwa huko ugumu na faida ya masomo haya huonekana wazi. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Kwa miaka mingi njia kuu ya kufika Mpanda ilikuwa treni ya tawi itokayo Kaliua, na umeme wa mji ulitokana na mitambo ya dizeli. Ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Mpimbwe, lakini mwalimu wa Karema, wa Mishamo au wa Inyonga anayetaka shahada ya uzamili katika elimu hawezi kwenda darasani kila jioni na kurudi kulala kwake. Kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda ni zaidi ya kilometa 100. Kwake yeye mtandao ndicho chuo.

Pamoja na hayo, mwalimu huyo ana maisha ya Katavi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, nayo ni majira ya shamba la mahindi au la mpunga, maana mshahara peke yake hautoshi kulisha nyumba. Simu ya mkononi huchajiwa kwa umeme wa jua, na siku za mawingu huzima mapema. Vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ileile inunuayo sukari. Si ajabu kumkuta mwalimu amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yake, akisubiri somo lishuke kwenye simu kwa sababu pale ndipo mtandao unapopatikana. Haya hatuyasemi kwa kulalamika. Tunayasema kwa sababu kila moja kati ya hayo hula saa, na anayepanga kozi bila kuyahesabu amepanga maisha ya mtu mwingine.

Wakati mmoja tulimtembelea mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya kijijini. Alikuwa amejiandikisha katika kozi nne kwa muhula mmoja, ili amalize upesi. Tulimkuta mchovu lakini mwenye fahari, na alikuwa na haki ya kuona fahari. Mezani palikuwa na rundo la madaftari ya hisabati. Tulipoyafunua tuliona kwamba alama ya mwisho ya kalamu nyekundu ilikuwa ya wiki sita zilizopita. Katika daftari moja mtoto alikuwa amejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, yaani alijumlisha namba za juu pamoja na za chini pamoja. Kosa hilo ni la kawaida, na mwalimu yeyote aliyefuzu hulisahihisha kwa dakika tano na vipande vya karatasi. Mtoto yule alikuwa amelirudia katika kila hesabu ya sehemu kwa wiki sita, kwa mwandiko safi na kwa bidii. Hakuna aliyemwambia kwamba anakosea. Tulipomwuliza mwalimu anaandika nini usiku, alitujibu kwamba anaandika kazi ya kozi inayohusu upimaji endelevu wa wanafunzi.

Mwalimu huyo hakuwa mvivu wala mzembe. Alilala saa nne kwa usiku. Kosa lake lilikuwa la hesabu, na lilifanyika siku ileile alipojaza fomu ya kuchagua kozi. Mwisho wa muhula alishindwa kozi mbili kati ya nne, akalazimika kuzilipia tena. Mshika mawili, moja humponyoka. Yeye alishika matano, ukiwamo ualimu wake.

Hebu tufanye hesabu ambayo hakuifanya. Wiki ina saa 168. Mwalimu akilala saa nane kwa siku, saa 56 zimekwenda, zimebaki 112. Kazi za shule, kwa saa nane katika siku tano, ni saa 40, zimebaki 72. Kuandaa masomo na kusahihisha, tuseme saa mbili kila siku ya kazi, ni saa 10; zimebaki 62. Mwendo wa kwenda na kurudi, maji, chakula, watoto wake na mapumziko ya kawaida, kwa saa tano kila siku ya kazi, ni saa 25, zimebaki 37. Jumamosi na Jumapili zina shamba, ibada, sokoni, wagonjwa na misiba, tukizipa saa 12 kila moja, ni saa 24, zimebaki 13. Toa saa tatu kwa ajili ya yale yasiyotabirika, kama vile zamu, kikao cha dharura au mtandao kukatika. Zimebaki saa 10. Hizo ndizo mali ya mwanafunzi aliye kazini, nazo si nyingi.

Sasa tuangalie upande wa chuo kikuu. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya uzamili huhitaji krediti 180. Saa 10 mara 180 ni saa 1,800. Sheria ya ratiba ya shule zetu hutaka siku 194 za masomo kwa mwaka, ambazo ni karibu wiki 39. Zinabaki wiki 13 za likizo. Tuseme katika wiki za masomo mwalimu ana saa 10 kwa wiki, na katika wiki za likizo ana saa 20, kwa maana likizoni nako kuna shamba na safari za kwao. Wiki 39 zitampa saa 390, na wiki 13 zitampa saa 260. Jumla ni saa 650 kwa mwaka. Ukizigawa saa 1,800 kwa 650, utapata karibu miaka miwili na miezi tisa. Na hiyo ni endapo hatapoteza hata saa moja kwa homa wala kwa msiba. Ndiyo maana tulisema miaka mitatu au minne. Anayetaka kumaliza kwa miezi 18 atahitaji saa 23 kila wiki bila kukosa. Saa 13 za ziada atazitoa wapi? Atazitoa kwenye usingizi, kisha kwenye familia, na hatimaye kwenye madaftari.

Tutumie hesabu hiyohiyo kwa muhula mmoja. Chukua kozi ya krediti 12, yaani saa 120, katika muhula wa wiki 17. Kozi moja itahitaji saa saba kwa wiki, na mwalimu atabakiwa na akiba ya saa tatu. Kozi mbili zitahitaji saa 14. Hapo amezidi kipimo chake, lakini aweza kujikaza iwapo likizo imeangukia ndani ya muhula. Kozi tatu zitahitaji saa 21, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya alizo nazo. Hatuoni namna ya kuitetea kozi ya tatu.

Tunajua kwamba wapo watakaotupinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba kumaliza haraka huokoa fedha. Ni kweli kwamba baadhi ya ada hulipwa kwa mwaka, na kila mwaka unaoongezeka una gharama yake. Lakini kozi iliyoshindwa hulipiwa mara mbili. Aidha, mwalimu anayelipa kozi nne kwa mkupuo mara nyingi hukopa, na mikopo ya mitaani yenye riba kali imewaacha walimu wengi wakiwa na kadi zao za benki mikononi mwa watu wengine. Kozi moja yaweza kulipiwa kwa akiba ya miezi michache.

Hoja ya pili ni ya watu wanaodai kwamba mwalimu wa shule ya msingi hahitaji shahada ya uzamili, hivyo suala zima ni la anasa. Hoja hii tunaikataa kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma kwa Kiswahili ilhali nyumbani husemwa Kibende, Kipimbwe au Kifipa, au katika makazi ya Katumba na Mishamo husemwa Kirundi, anahitaji mwalimu aliyesoma sana kuliko mtoto aliye chuo kikuu. Tunachokataa ni kwamba elimu hiyo ipatikane kwa gharama ya mtoto huyohuyo.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba kazi za kozi zaweza kuandikwa na mtu mwingine kwa malipo, au siku hizi na programu za akili mnemba, hivyo saa si tatizo. Jibu letu ni fupi. Mwalimu aliyeandikiwa tasnifu hataweza kumkemea mtoto aliyenakili jibu la jirani yake. Tumeona pia kwamba wengi wanaoingia katika udanganyifu huo hawakuanza wakiwa na nia mbaya. Walianza na kozi nyingi mno, na siku ya kukusanya kazi ilipofika hawakuwa na la kuonyesha.

Baada ya hayo, tunapendekeza mambo matano kwa mwanachuo ambaye siku moja atakuwa katika hali hiyo.

Kwanza, kabla ya kujiandikisha, aandike kwa muda wa wiki mbili namna saa zake zinavyotumika kwa kweli, si anavyotamani zitumike. Hesabu tuliyoionyesha hapo juu ni ya mfano; mwenye mtoto mchanga atapata saa chache zaidi, na aishiye mjini Mpanda karibu na shule huenda akapata zaidi.

Pili, apange masomo yake kama anavyopanga azimio la kazi. Afahamu mapema kwamba Septemba ni mwezi ambao mitihani ya taifa ya Darasa la Saba imekuwa ikifanyika kwa miaka ya karibuni, na Oktoba ni wa upimaji wa Darasa la Nne. Na kwamba mvua za kwanza zitamwita shambani. Kozi ngumu aiweke katika muhula usiogongana na hayo, iwapo chuo kinaruhusu. Vilevile aulize tangu mwanzo ukomo wa miaka ya usajili, ili mwendo wake wa pole usimfikishe kwenye mlango uliofungwa.

Tatu, aweke mpaka usiovukwa: hatafungua somo lake la chuo kikuu kabla madaftari ya siku hiyo hayajasahihishwa na andalio la kesho halijakamilika. Mpaka huu utamwonyesha kuliko ushauri wowote kama mzigo wake umezidi. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo anafika mezani saa nne usiku, na apunguze kozi. Kuahirisha kozi mapema si aibu.

Nne, ayaunganishe masomo na kazi. Mada za mazoezi na hata za tasnifu azitafute darasani mwake. Yule mtoto aliyejumlisha nusu na theluthi angaliweza kuwa mwanzo wa utafiti mzuri juu ya makosa ya sehemu katika darasa la tano. Katika hali hiyo saa moja ya kusahihisha ingekuwa pia saa ya utafiti, na mtoto angalifaidika wa kwanza.

Tano, asisome peke yake. Walimu wa UPE walifaidika kwa kuwa na wakufunzi waliowafuata walipo. Walimu wawili au watatu wa kata moja wanaosoma wanaweza kukutana mara moja kwa wiki, kushusha masomo kwa kifurushi kimoja na kuyagawana, na kuulizana yaliyowashinda. Mwenza nyumbani naye aelezwe mapema saa zipi ni za kusoma, na saa zipi hazitaguswa.

Kwa upande wa uongozi tuna maneno machache. Mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata wasimchukulie mwalimu anayesoma kama mtoro wa kazi, wala wasimpe msamaha wa kutosahihisha. Wamsaidie kwa ratiba iliyo wazi na inayojulikana mapema, maana zamu isiyotarajiwa ndiyo ivunjayo mipango ya mtu mwenye saa 10 tu. Nasi wakufunzi wa vyuo vya ualimu tuna lawama yetu. Tumewafundisha wanachuo kupanga kipindi cha dakika 40 hadi dakika ya mwisho, lakini mara chache tumewafundisha kupanga wiki yao wenyewe. Tungependa zoezi la kuhesabu saa lifanywe katika kila chuo kabla ya mafunzo kwa vitendo, wakati mwanachuo ataonja kwa mara ya kwanza uzito wa madaftari 80 mezani.

Tunahitimisha kwa kurudi kwa mwalimu wetu wa darasa la tano. Muhula uliofuata alichukua kozi moja. Alituambia kwamba mwanzoni aliona haya mbele ya wenzake waliokuwa wamemtangulia. Hatukumwuliza atamaliza lini. Tulimwomba tu atuonyeshe tena madaftari, na kalamu nyekundu ilikuwa ya jana. Yule mtoto alikuwa amechora mkate uliogawanywa sehemu sita, ametia rangi sehemu tatu, kisha sehemu mbili, na chini yake ameandika tano ya sita.